Hema la Watu Wawili

14 Januari

Dada, shikamoo.

Nimefika salama. Sanduku limefika nusu, mpini umebaki kwenye basi. Usimwambie Mama, atasema alinionya kuhusu lile sanduku, na kweli alinionya.

Taasisi ni jengo la ghorofa mbili lenye rangi ya kijani iliyochoka. Juu ni ofisi, chini ni maabara ya maji. Tuko wanane tunaosomea shahada ya pili chini ya Daktari, wanaume saba na mimi. Choo cha wanawake kipo, ila kimejazwa makasha ya chupa tupu na ufunguo anao mtunza stoo. Nimeuomba mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza, "Kwani utakaa sana?"

Sasa sikia yaliyonikuta juzi. Daktari anapima visima vya nyanda kavu, vile vyenye madini yanayogeuza meno ya watoto yakawa ya kahawia. Ndiyo kazi niliyoijia. Safari za huko ni mbili kwa mwaka, Januari na Julai, wiki mbili kila moja. Na maabara ina sheria yake: chupa ni ya aliyeichota. Unaandika jina lako kwenye kibandiko ukiwa palepale kisimani, na majibu ya chupa hiyo ni yako. Ili nipate shahada nahitaji chupa arobaini zenye jina langu, za safari mbili, na muda wangu wote ni miaka miwili.

Asubuhi ya safari nikaja na begi langu. Msimamizi wa safari akahesabu watu: wale saba na dereva, mahema manne, kila hema watu wawili. Mwanamke halali hema moja na mwanaume, na kanuni ya usalama inakataza mtu yeyote kulala peke yake nyikani. "Wewe hesabu yako haigawanyiki," akaniambia. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Daktari si mtu mbaya. Alinijia pembeni akasema, "Niletee mwanamke wa pili, hata akiwa mwanagenzi wa maabara, nami nitaagiza hema la tano." Kisha wale wanane wakapanda gari wakaondoka. Mimi nimeachiwa chupa mia tatu za kuosha.

Mdogo wako,
Kidole

2 Februari

Kidole, marahaba.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mpaka sasa sijui nicheke au nitukane. Hesabu haigawanyiki! Mwambie huyo msimamizi kwamba dada yako anafundisha fizikia mwaka wa kumi na moja huu, na hata wasichana wangu wa mwisho darasani wangemgawia hema lake.

Lakini tulia. Mwanamke wa pili ninaye.

Mchepuo wangu wa sayansi mwaka huu una wasichana tisa, kidato cha mwisho. Tisa, Kidole, na Mkuu wa shule anataka wanane tu ndipo auache mchepuo uishi. Kati yao yupo mmoja tunamwita Swali. Juzi nimewaambia mwanga unasafiri, akanyoosha mkono: "Mwalimu, ukifika unashukia wapi?" Darasa zima likavunjika mbavu, yeye hakucheka, alikuwa anataka jibu. Amenikumbusha mtu fulani aliyetia kidole kwenye redio ya Babu akaturusha sote roho.

Nimelisoma tangazo la taasisi yenu. Wanachukua wanagenzi kila Januari, na wanachotaka ni mtu awe amefanya mtihani wa fizikia na kemia. Swali anafanya mtihani Novemba. Januari ijayo yuko kwako. Unapata safari ya Januari, unapata ya Julai, chupa zako arobaini hizo hapo. Mwaka mmoja tu wa kujikaza.

Mimi nilipofika kwenye mlango kama huo waliniambia ualimu ndio unaomfaa msichana, nikageuka. Wewe usigeuke, tafadhali.

Halafu niandikie ukurasa wa pembeni niwasomee darasani. Habari za choo usiziweke.

Dada yako,
Mwalimu

20 Aprili

Dada, shikamoo.

Ukurasa wa kusoma ni huu:

"Wasichana, salamu kutoka maabara ya maji. Leo nimepima maji ya kisima chenye kina cha mita sitini. Yakiwa kwenye chupa ni maji tu, meupe, huwezi kuyashuku. Unatia matone manne ya dawa, unasubiri, rangi inabadilika taratibu, na hapo unajua ni watoto wa kijiji gani watakaoharibika meno. Hapa hakuna anayeuliza kama wewe ni mvulana au msichana. Kazi ndiyo inayouliza."

Huu mwingine ni wako. Sijapima kitu. Rangi nimeiona ikibadilika mikononi mwa wengine, mimi nikiandika. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nimefanywa katibu wa vikao vyote, na kwa kuwa katibu hukaa karibu na mlango, nimefanywa pia mpokea wageni. Juzi mgeni ameniomba chai kabla hajaketi. Nikamletea.

Lakini liko jambo. Profesa wa udongo, yule mzee wa ghorofa ya juu, ameniambia ana nafasi moja. Nihamie kwake nisomee vichujio vya udongo wa kuchoma. Kazi yote ni ya humu ndani, haina safari wala hema. Si kazi niliyoijia, dada. Nilitaka visima. Ila ni shahada, na ningeimaliza. Anataka jibu kabla ya tarehe 30 Juni, baada ya hapo atampa mwingine, na mimi kanuni hainiruhusu tena kuhama.

Nikibaki, tegemeo langu ni Swali. Asipokuja Januari, muda unaniishia sina hata chupa moja.

Kwa hiyo nakuuliza, atakuja? Usinijibu kama dada, nijibu kama mwalimu wake.

Kidole

11 Mei

Kidole,

Atakuja. Nakujibu kama mwalimu wake.

Ukurasa wako nimeusoma, na pale pa matone manne palikuwa kimya mpaka unasikia chaki ikianguka. Swali akauliza kama hayo matone ni manne kwa sababu ndiyo yanayotosha au kwa sababu aliyeanza alitia manne. Ukijua jibu niandikie, mimi nilibabaisha.

Tumehamia chumba kingine, stoo ya zamani ya ramani. Ni kidogo lakini kina utulivu, na tunasoma vizuri zaidi baada ya vipindi, saa za wenzao kucheza mpira. Wote hawajambo.

Huyo mzee wa udongo mshukuru, na umwambie kwa adabu kwamba unavyo visima vyako. Ukianza kukubali kila kiti unachosogezewa, utajikuta umekaa palepale nilipokaa mimi. Kaza roho.

Mwalimu

3 Julai

Dada, shikamoo.

Nimekataa. Nilikwenda kwa Profesa tarehe 29, siku moja kabla, ili nisije nikajionea huruma. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Haya binti, ni uamuzi wako." Nafasi ameipata kijana wa mwaka wa kwanza. Nilishuka ngazi, na nilipofika chini nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Safari ya Julai imeondoka jana bila mimi. Safari hii sikubeba begi.

Daktari ni mtu wa neno lake. Ameagiza hema la tano na limekuja, la buluu, bado linanuka duka. Nimeambiwa nilitunze, liko chini ya kitanda changu. Jumamosi nililisimamisha uani ili nijifunze. Wanaume wa maabara wakatoka kutazama, mmoja akaleta na kiti kabisa. Mara ya kwanza lilinichukua saa nzima, likaanguka. Mara ya pili dakika ishirini. Aliyekuwa kwenye kiti akapiga makofi, na nadhani hakuwa ananidhihaki.

Mwambie Swali matone ni manne kwa sababu aliyeanza alitia manne. Nimemuuliza Daktari, akakiri. Aliongeza kwamba hajawahi kuulizwa.

Nitumie namba ya viatu vya Swali. Nyikani kuna miiba, nataka nimtafutie buti mapema. Chumba changu kina nafasi ya kitanda cha pili na nimeshaweka meza upande wangu. Ukurasa wa wasichana uko ndani ya bahasha.

Kidole

29 Agosti

Kidole, marahaba.

Namba tano. Mguu wa Mama umevimba tena, ila anatembea na anagomba, kwa hiyo hajambo.

Ukurasa wa wasichana usijisumbue kuutuma mwezi huu, tuko kwenye marudio. Kazi zimenibana hata kuandika sipati nafasi, utanisamehe.

Hivi yule Profesa wa udongo, kama ingetokea, nasema tu kama, ukamrudia kwa unyenyekevu, hawezi kukufikiria tena? Ni swali tu. Mtu hukaa akawaza mengi.

Dada yako

12 Novemba

Dada, shikamoo.

"Kama" yako imeninyima raha miezi miwili. Profesa nafasi hana, nilikwambia. Usinitishe hivyo, mimi nina moyo mmoja tu.

Sasa ni habari njema zenye haraka. Orodha ya safari ya Januari imebandikwa ubaoni. Mimi niko namba tisa, Dada! Namba kumi pameandikwa "mwanagenzi wa kike", mstari mtupu mbele yake. Nimepita pale leo mara nne bila shughuli yoyote. Msimamizi wa safari anataka jina kamili la Swali kama litakavyokuwa kwenye cheti, na barua ya shule kwamba amefanya mtihani wa fizikia na kemia. Ziwe zimefika kabla ya Krismasi.

Mtihani wameanza? Mwambie asiogope sehemu ya vitendo. Mwambie buti zipo, zimeshapakwa rangi, na kamba nimetia mpya.

Nijibu upesi.

Kidole

10 Desemba

Kwa Dada Mtafiti,

Shikamoo. Mimi ndiye yule mnayeniita Swali. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha. Mwalimu hajui kama nakuandikia, naomba usimgombeze.

Barua yako ya tarehe 12 Novemba iko mezani kwake mpaka leo. Kila nikienda anaikunja anaiweka chini ya daftari, na jibu lako hajaliandika. Juzi nimemkuta analia nikajua ni mambo yangu, ndiyo maana naandika.

Dada, mchepuo wetu ulifungwa mwezi wa tatu. Wawili walihamishwa na wazazi wao tukabaki saba, na Mkuu wa shule alisema saba si wanane, tena fizikia inashusha wastani wa shule. Tukapelekwa wote sayansi kimu. Mwalimu akakataa, akawa anatufundisha stoo ya ramani baada ya vipindi. Tulikuwa saba, halafu wanne, kwa sababu wengine walisema tunajichosha kwa mtihani ambao hatujasajiliwa. Toka mwezi wa sita nilikuwa mimi peke yangu. Kurasa zako zilizofuata alinisomea mimi, amesimama mbele kabisa kama darasa limejaa.

Mwezi wa nane Mkuu aligundua akafunga stoo kwa kufuli. Mwalimu sasa anafundisha kushona. Hajui kushona, tunamfundisha sisi.

Alikwenda mara nyingi kuomba nisajiliwe peke yangu. Alikuwa na hakika watakubali. Mpaka wiki ya mtihani alikuwa anasema kesho watakubali. Mimi nimefanya mtihani wa sayansi kimu, kupika na kufua, nadhani nimefaulu.

Naomba kuuliza. Mtu mwenye sayansi kimu anaweza kuja? Kuosha chupa naweza. Namba tano ni kweli ndiyo yangu.

Wako mtiifu,
Swali

28 Desemba

Dada,

Swali ameniandikia. Yote.

Nimemuuliza msimamizi wa safari kuhusu sayansi kimu. Hakucheka, na afadhali angecheka. Daktari ameniambia pole. Tarehe 2 wanafuta majina mawili ubaoni.

Nilikuomba usinijibu kama dada.

9 Januari

Mdogo wangu,

Nimechana karatasi tano. Hii ya sita nitaituma vyovyote itakavyokuwa.

Uliponiuliza, mchepuo ulikuwa umefungwa wiki ya saba. Nilijua. Nilikaa na barua yako jikoni, Mama ananiuliza mbona chungu kinaungua, na nikaandika "atakuja". Sikuwa nakudanganya, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nina hakika nitamshinda Mkuu. Nilimwendea mara kumi na nne. Safari nyingine nilimpigia magoti, mimi, na magoti yangu unayajua. Ni mwanamke mwenzetu, Kidole, alisomea kemia enzi zake. Akaniambia, "Hata mimi nilipenda," akaendelea kutia sahihi karatasi zake.

Lakini si hilo tu, na nikilificha hili barua itakuwa ya uongo kama zile. Niliona aibu. Nilikuwa nimekwambia ninao tisa. Kama ningekwambia hamia udongo, ningekuwa nakiri mbele yako kwamba miaka yangu kumi na moja imeishia stoo, na mtoto mmoja. Nilitaka mmoja wetu afike kisimani. Nilitaka kiasi kwamba nilisahau kuwa ni wewe utakayelipa.

Usiniandikie kama hutaki. Ila usiseme sikukupenda. Sema mengine yote.

Swali yupo kwao. Buti zake alizokuwa anazingoja ameniomba nimuulizie kama bado zipo. Kwa hiyo nakuuliza.

Dada yako

25 Februari

Dada,

Sijakusamehe. Nakwambia ili usidhani kimya changu kilikuwa msamaha.

Jina langu limefutwa kwenye masomo. Sikuweza kuonyesha namna ya kupata chupa arobaini katika safari moja iliyobaki, na hata hiyo moja nisingeipata. Daktari, kwa wema wake, ameniombea kazi hapahapa. Mimi ni karani wa maabara. Natunza daftari la chupa na funguo za vyumba. Ufunguo wa choo cha wanawake ninao mimi sasa, na makasha nimeyatoa siku ya kwanza. Buti namba tano nimezituma kwa posta, mwambie azipokee.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la wiki iliyopita, na sina mwingine wa kumweleza.

Amekuja msichana mpya. Shahada ya pili, visima, chini ya Daktari. Aliingia na begi kubwa na furaha usoni, nikamwandikisha, nikampa ufunguo wa chumba. Siku ya pili alirudi mezani kwangu. Daktari alikuwa amemwambia maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, na yeye, kwa kuwa aliniona mimi pale, alikuwa anacheka kwa nafuu. "Si tupo wawili?" akasema. "Mimi na wewe, dada."

Nilipanda ngazi mbili mbili kwenda kwa Daktari. Nilimsihi. Akasema karani si mtafiti, kanuni za nyikani hazimhesabu karani, bima haimjui, na yeye hakuitunga. Niliuliza kuhusu kurudishwa masomoni. Akasema aliyefutwa hurudi baada ya miaka mitatu, hata kama ni kwa uanagenzi. Kwa Profesa wa udongo nako nilipita kumwombea msichana, hana nafasi mpaka mwakani.

Nikashuka. Msichana alikuwa amesimama palepale, bado ana ile furaha. Na nilitaka kumwambia asubiri, dada. Nilitaka mno. Mdomo wangu ulishaanza kusema yupo mmoja njiani, atakuja tu, wewe jikaze. Hapo ndipo nikakuelewa vizuri kuliko barua yako yote. Kukuelewa hakujaniondolea hasira, lakini nimekuelewa.

Nikamwambia ukweli. Kwamba hakuna wa pili, na sijui kama atatokea, na mimi nilisubiri mwaka mzima nikapoteza vyote viwili. Kwamba kama ana mlango mwingine wowote, popote, aende sasa hivi ungali wazi. Nilimweleza taratibu, kwa upole, kama ningependa kuelezwa mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Nilidhani atahamia idara nyingine, au chuo kingine. Amekwenda kwao. Alisema mama yake alimwambia mambo yatakuwa hivi, na mchumba wake pia, na yeye alikuwa akibishana nao toka mwaka juzi, na sasa amechoka kubishana. Alinishukuru. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akanishukuru.

Wewe ulimwambia mtu abaki, mimi nimemwambia mtu aondoke, na maabara bado ina wanaume saba. Niambie basi, wewe mwalimu, nilitakiwa niseme nini. Sikuulizi kwa kejeli.

Jana asubuhi alileta ufunguo wa chumba. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Mdogo wako